Utumishi Wangu wa Kunyonyesha, Kibiti na Maparoni

Siku yangu ya kwanza kazini niliripoti kwa bajaji, nimekalia mto, mtoto kafungwa kitenge kama andazi la moto, na sikuwa nimelala tangu uchungu ulipoanza. Mlangoni alisimama Mkuu wa Kituo. Nitamwita hivyo kwa heshima; nyumbani tunamwita Mama, na ndiye aliyemzaa mume wangu Athumani, fundi pikipiki wa hapa Kibiti. Alimpokea mtoto, akamgeuza huku na huku kama anayekagua papai sokoni, akasema, "Pua ya kwetu." Kisha akaniangalia mimi.

"Na wewe ingia. Maji yanachemka."

Wadogo zangu mnaotarajia kuajiriwa, nisikilizeni. Wazee wakistaafu huandika walivyofanya kazi bandarini, shuleni, relini. Mimi nimestaafu nikiwa na miaka ishirini na tatu, na nikisubiri nizeeke ndipo niandike, hasira itakuwa imepoa na nitaanza kuwadanganya kwamba kulea ni raha mwanzo mwisho. Bora niandike ikingali moto.

Maji yale yalikuwa ya kukanda. Kukanda ni hivi: mzazi analazwa chali, kanga inachovywa kwenye maji ambayo ukiyatia unga unapata ugali, halafu inakandamizwa tumboni, kiunoni na mahali pengine ambapo sitapataja kwa kuwa baba yangu anajua kusoma. Nikapiga yowe.

"Unalia nini?" akauliza Mkuu wa Kituo.

"Ya moto, mama."

"Ya baridi wanaogea bata. Geuka."

Alipomaliza akanipa maelekezo ya kazi. "Hapa nyumbani jukumu lako ni moja. Mtoto asilie."

"Watoto wote wanalia, mama."

"Wa kwetu hawalii. Akilia, ujue mama yake ana jambo."

Nina cheti cha kidato cha nne. Kwenye biolojia tulichora mfumo wa uzazi, tukaweka vishale na majina, nikapata alama nzuri. Hakuna kishale hata kimoja kilichoonyesha mama mkwe.

Mtoto wetu Salma alilia. Alilia kwa bidii ya mtu anayelipwa kwa saa. Na kila alipolia Mkuu wa Kituo alichungulia chumbani, akanitazama mimi badala ya mtoto, akaguna, akaondoka.

Istilahi ya pili ya kazi hii ni kubemenda. Mnaijua, ila naieleza kwa ajili ya watakaojifanya hawaijui. Inasemekana baba na mama wakikutana kimwili wakati mtoto bado ananyonya, mtoto anadhoofu, miguu inalegea, hatembei. Baadaye muuguzi aliniambia kwamba mtoto anadhoofu kwa njaa na maradhi, si kwa wazazi wake kupendana. Lakini Mkuu wa Kituo hakuwa na haja na muuguzi. Arobaini ilipokwisha, badala ya Athumani kurudi chumbani, akatandikiwa mkeka sebuleni hadi mtoto aachishwe ziwa. Na kwa tahadhari ya ziada akakatazwa hata kumbeba mwanawe, eti jasho la baba likimkolea mtoto ni nusu ya kubemenda. Hiyo ya jasho sijapata kuisikia kwa mtu mwingine yeyote, na nimeuliza.

Mnadhani Athumani alilalamika? Alilala! Alilala kama gunia la mkaa lililotelekezwa kando ya barabara. Asubuhi anasimama mlangoni anajinyoosha, mifupa inalia kwa starehe.

"Mama Salma, mmeamkaje?"

"Hatujaamka. Aliyelala ndiye anayeamka."

"Pole, mke wangu. Mimi ningekusaidia, ila Mama kasema."

Kule gereji wenzake walikuwa wanampa pole yeye. "Kaza, ndugu yangu, kulea kazi." Na yeye anazipokea! Anashika kiuno, anasema, "Acheni tu, jamani."

Sasa niseme jambo ambalo wazee katika kumbukumbu zao huliruka. Niliharibika. Nilikuwa nalia nikimenya muhogo, nalia nikisuuza nepi. Chakula kikawa kama pumba mdomoni. Mtoto akilala, mimi macho makavu yanatazama dari. Na nikimtazama Salma nilihisi si wangu, kama kifurushi cha abiria mwingine aliyeniambia nimshikie kidogo kisha akashuka. Nikapanga mpango. Msimu wa mpunga ukiisha ningemwacha mtoto kwa wenyewe wenye pua yao, nipande gari niende kwetu Bungu, nimlalie mama yangu mapajani, nisirudi. Sikumwambia mtu. Mpango huo ndio ulionifanya niamke kila asubuhi.

Kliniki nilikwenda nikisindikizwa na Mkuu wa Kituo, kama mahabusu. Muuguzi akampima mtoto, akaandika, akauliza, "Mtoto anaendeleaje?"

"Vizuri," akajibu Mkuu.

"Na mama?"

"Naye vizuri. Anakula."

"Bibi, namuuliza yeye."

Hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza mimi. Nililia mpaka akina mama kwenye benchi wakaacha kusengenya. Muuguzi akaniweka pembeni, akanisikiliza, akasema hiyo inaitwa sonona ya baada ya kujifungua, ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine, unawapata wengi na unatibika. Akataka nirudi tuzungumze tena. Akataka nyumbani apatikane mtu wa kunipokea mtoto nilale. Na akanishika mkono akasema yakinijia mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto nisisubiri siku ya kliniki, nije palepale.

Bajaji ilipokaribia sokoni Mkuu wa Kituo akanigeukia.

"Kulia mbele za watu! Watasema tunakutesa."

Nikamfunika Salma asipate vumbi.

"Sonona. Sisi tulikuwa tunazaa, tunaenda kuvuna. Hiyo nafasi ya kusonona tungeipata wapi?"

Mkwe hajibiwi. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza ya utumishi wetu, na wallahi nawaambia, meno yangu ya nyuma yamelika kwa kanuni hiyo.

Kisha nikapata uhamisho. Mpunga wa familia uko Maparoni, huko delta, mto unakoingia baharini, na punje zilikuwa zimeanza kujaa maziwa. Ndege wanaipenda hiyo hali kama watoto wanavyopenda uji. Tukapanda boti mimi, Salma na Mkuu wa Kituo. Athumani akabaki gereji, angetufuata Ijumaa. Tukafikia kwenye dungu, kibanda cha juu ya nguzo katikati ya shamba. Na hapo nikakutana na Mkurugenzi.

Mkurugenzi ni Bibi, mama wa marehemu baba mkwe wangu. Yaani ni mama mkwe wa mama mkwe wangu. Mwanamke mkavu kama kuni ya mkoko, meno machache, mdomo usio na mlango. Kwa mila yetu bibi na mjukuu ni watani: Athumani ni "mume wangu" kwake, na mimi niliyeolewa naye ni mke mwenza. Utani si matusi. Unaambiwa neno lolote hadharani, na ukikasirika wewe ndiye mwenye kosa, utatoa kuku.

"Ndiyo wewe uliyeninyang'anya mume?" akaniuliza kabla sijaweka mzigo chini. "Mbona umekonda hivyo? Mume wetu hakulishi au unamla yeye?"

Nilicheka. Nilishtuka kusikia sauti yangu.

Nikapangiwa kuamia. Kuamia ni kufukuza ndege shambani: unakaa juu ya dungu, unavuta kamba zenye makopo, unarusha udongo kwa teo, na zaidi ya yote unapiga kelele. Kuanzia jua linapotoka, kelele. Wadogo zangu, baada ya miezi ya kunyamaza nikawekwa mahali ambapo kupiga kelele ni kazi! Siku ya kwanza nilisema "Hooo! Hooo!" kama wengine. Siku ya pili ndege mmoja mnene akatua karibu, akala bila haraka, akafumba macho kwa shibe. Sijui nini kilinipata.

"Toka, mwizi wewe! Unashiba unalala! Unakoroma sebuleni kama mashine ya kusaga, mwenzio macho yamemtoka! Ati 'Mama kasema'! Mama kasema usipumue, utaacha? Eti pole! Pole yako kaipake kwenye mkate! Toka, fundi gani wewe, pikipiki za watu unazishika, mwanao unamwogopa!"

Ndege akaenda zake. Chini ya dungu nikasikia sufuria imefunikwa taratibu.

"Mke mwenza," akaita Bibi, "huyo ndege anatengeneza pikipiki?"

Nikavuta kamba za makopo.

"Nauliza tu, maana mashambani kwetu wanakula mpunga basi. Labda wa Kibiti wamesoma."

Akacheka mpaka akakohoa. Lakini hakupanda kunishauri, wala hakuniuliza zaidi, msimfanye malaika. Alifurahi kupata hadithi ya kusimulia shamba kwa shamba.

Ijumaa Athumani akaja, kabeba sukari, kanawiri. Tulikuwa wote chini ya dungu, na majirani wa mashamba ya pili wamekuja kusalimia. Bibi akajishika nyonga.

"Mume wangu huyo! Leo ni wangu mimi. Wewe mke mdogo kajifungie na mtoto wako huko."

Watu wakacheka, Athumani akacheka, hata Mkuu wa Kituo akatabasamu. Salma akaanza kulia, na wote wakageuka kunitazama mimi kama kawaida. Mpango wa Bungu ulikuwa tayari kooni. Ningeweza kuweka mtoto pale chini na kuondoka mchana ule ule. Badala yake nikasimama, nikamtua Salma mapajani kwa Bibi.

"Mke mwenza, nimekubali. Wake wenza huenda kwa zamu, hatugombani. Lakini zamu haikatwi nusu. Ukichukua mume, chukua na mtoto wake. Zamu yangu nimeimaliza tangu azaliwe. Leo yako."

Hata ndege walikula kwa adabu.

Bibi akanitazama. Akamtazama mtoto. Uso ulikuwa unataka kukasirika, lakini majirani wapo, na kuku wake wanajulikana.

"Nimekamatika," akasema. "Haya, kalale, mwizi wa waume."

Nikapanda dunguni. Kabla sijajilaza nikamsikia Salma anapandisha sauti, na Bibi, ambaye subira yake ni fupi kuliko meno yake, anaita, "Mume wangu! We mume! Mke mkubwa nimechoka, njoo umbebe mwanao!"

"Mama, hapana!" Hiyo ilikuwa sauti ya Mkuu wa Kituo. "Jasho la baba! Mtoto atabemendwa!"

"Na jasho?" Bibi akauliza. "Nani kakufundisha hilo? Marehemu mumeo alibebwa na baba yake humuhumu shambani, akamkojolea mpaka msuli ukaoza. Akakua, akakuoa wewe. Alikuja kukuposa anatambaa?"

Majirani walianguka kwa kicheko. Mkuu wa Kituo hakujibu. Mkwe hajibiwi, nilishawaambia.

Nililala. Nililala kuanzia mchana hadi alasiri imepita, na nilipofungua macho nilimwona Athumani chini, shati limelowa mkojo, anamzungusha Salma kwenye majaruba, anamwonyesha ndege. "Huyu ndiye anayenitukanisha," anamwambia. Mtoto kanyamaza. Nikasikia kwa mbali, kama redio ya jirani, kwamba huyo ni mwanangu.

Jioni ile Mkuu wa Kituo alinikuta naosha sufuria ukingoni, jicho moja kwenye maji kwa sababu ya mamba. Akachuchumaa karibu.

"Umelala mchana," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Nimelea wanne. Sijawahi kulala mchana hata siku moja."

"Kwa nini hukusema, mama?"

"Nimwambie nani? Yeye?" Akaelekeza kidevu dunguni, alikokuwa Bibi. "Wewe ana utani na wewe. Mimi ni mkwe wake. Mimi na yeye ni heshima tu, tangu nilipoolewa mpaka leo." Akasugua sufuria iliyokwisha kutakata. "Hilo la jasho nilijisemea mwenyewe. Niliona Athumani akimzoea mtoto, mimi nitabaki na kazi gani?"

Hasira niliyokuwa nimemwekea ilikosa pa kukaa. Haikuisha, msinielewe vibaya. Ilihamia kwenye kanuni.

Tuliporudi Kibiti mambo hayakunyooka kama kamba. Nilirudi kwa yule muuguzi mara nyingi, wakati mwingine nikiwa mbaya kuliko mwanzo. Ilikuwa kama kutoka kwenye tope, mguu huu unatoka, ule unazama. Athumani alichukua zamu yake, na mara nyingine alijifanya kasahau mpaka nimfukuze kama ndege. Alimpeleka Salma gereji, wenzake wakamwita yaya, akanuna siku mbili, akampeleka tena. Baadaye tukapanga chumba chetu, nyumba tatu kutoka kwa Mama. Kuhusu mkeka wa sebuleni, mambo ya chumbani siyaandiki. Nasema tu kwamba Salma alitembea mapema.

Na mwezi uliopita nilistaafu. Mtoto akiachishwa ziwa hupelekwa kwa bibi yake siku chache, asinuse maziwa. Nilijua wastaafu hupewa keki na saa ya ukutani. Mimi nilipewa matiti yanayouma na kitanda kitupu. Nikawaza niwaambie nini nyinyi mnaokuja. Msisubiri kuulizwa. Na mkiulizwa, msikubali mtu mwingine awajibie. Zaidi ya hapo sijui, nina mtoto mmoja tu.

Asubuhi moja ya siku hizo nikaenda kwa Mama. Nilimkuta kwenye baraza, kanga imempanda, macho mekundu, Salma mgongoni kakauka sauti kwa kudai chake usiku kucha.

"Nipe mtoto, mama."

"Atanusa maziwa."

"Atabebwa na baba yake, anakuja nyuma yangu. Wewe kalale."

"Nilale? Jua hili? Watu watasemaje?"

"Nitawajibu mimi."

Athumani alipofika, Mama akamfungua Salma mgongoni, akamkabidhi baba yake. Akaingia ndani, na kabla Athumani hajamaliza kumfunga Salma mgongoni tulimsikia anakoroma. Kumbe ndiko Athumani alikorithi.

Jirani zake wawili wakaja kupiga hodi.

"Mwenyewe yupo?"

"Yupo. Amelala."

"Amelala saa hizi? Anaumwa?"

"Haumwi. Amelala. Rudini alasiri."

Mmoja akanyoosha shingo achungulie ndani. Nikasogea, nikauziba mlango kwa mwili wangu wote, na mwili huu baada ya kuzaa unaziba vizuri.