Nilivyomwita Bi Zuhura mwizi

Mimi hufanya utafiti wa nyota za nyutroni, yale mabaki mazito ya nyota zilizokufa. Juzi tulikuwa na mkutano wa fizikia Mji Mkongwe. Nikijua zamu yangu ya kuwasilisha ni ya mchana, nilijikokota kutoka Kiembe Samaki bila haraka.

Kuingia tu ukumbini, namwona mwenzangu Bi Zuhura jukwaani, na ukutani mchoro wangu! Mchoro unaoonyesha nyota hizo hubeba uzito kiasi gani kabla ya kuporomoka. Nilikesha nao mwaka mzima. Damu ikanichemka.

"Huu wizi!" nilipiga kelele. "Huna haya, Bi Zuhura? Jasho langu unalitandaza mbele ya wageni?"

"Kaa kwanza, Khamis."

"Sikai! Waambie umeutoa wapi!"

Profesa wetu akainamisha kichwa. Mimi mjinga nikadhani anamwonea aibu Zuhura, nikazidi kufoka: "Mwizi mkubwa!"

Bi Zuhura akarudisha picha moja moja hadi ya mwanzo. Ukuta mzima ukajaa jina langu, peke yake.

"Ratiba ilibadilishwa, zamu yako ikafika nawe hupo," alisema, akininyoshea kipaza sauti. "Nlikuwa nnakushikia tu."