Siku Walipokuja Kumlilia Baba

Kwa baba yangu, kazi ni kitu kinachokutoa nyumbani asubuhi na kukurudisha jioni ukiwa umechoka. Kisichokutoa nyumbani si kazi, hata ukikifanya mpaka macho yawe mekundu. Yeye alitumikia reli miaka yote ya nguvu zake, na mpaka leo, ingawa alistaafu zamani, anaamka kabla ya majirani wetu wote wa mtaa wa Bel-Air, anavaa viatu vya kamba, anavifunga vizuri, kisha anaketi uani. Mimi ndiye niliyekuwa nikimharibia asubuhi zake. Saa tatu ilikuwa inanikuta na kikwembe kiunoni, kompyuta magotini, nagombana na sentensi moja.

Nilikuwa nimerudi kwake baada ya ofisi nilikokuwa nikifanya kazi kufunga mradi wake. Walitushukuru kwa karatasi yenye muhuri, nikarudi na mabegi mawili na kompyuta yenye kioo kilichopasuka kwenye kona. Niliandika barua za kuomba kazi mpaka nikachoka kujisifu. Baba hakunifokea hata siku moja. Alikuwa ananiuliza tu, kila asubuhi, kwa sauti ya upole iliyoniudhi kuliko makelele: "Leo unatoka?"

Mama alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na kwa namna fulani yeye ndiye aliyenipa kazi. Hapa Lubumbashi mtu hazikwi hivi hivi. Kabla ya jeneza kutoka, mmoja wa familia anasimama na karatasi na kusoma maisha ya marehemu: alizaliwa wapi, mtoto wa ngapi, alisoma wapi, alibatizwa lini, alifanya kazi gani. Tunaiita biografia. Ya mama niliiandika mimi, kwa kuwa wengine walikuwa wanalia na mimi nilikuwa bado sijaanza. Niliandika kwamba alikuwa na tabia ya kuzungumza na sufuria zake akipika. Wajomba walipopitia karatasi wakakata mstari huo, wakisema biografia si mahali pa mchezo. Wakabakiza ubatizo na ndoa. Nilisoma kilichobaki mbele ya watu, nikaona wazi kwamba nilikuwa namsoma mwanamke nisiyemjua.

Lakini watu waliipenda. Wiki chache baadaye jirani mmoja aliyefiwa akaja kuniomba nimwandikie ya kwake, kisha mwingine wa mtaa wa pili, na hivyo nikawa mtu wa kuitwa. Nilikuwa nachora pia matangazo ya kwaya na kadi za ndoa, ila vilio, yaani misiba, ndivyo vilivyonilisha. Nilikuwa naketi na familia kwenye viti vya plastiki, nawauliza maswali, naandika, na kila mara yale matamu kuliko yote yalikatwa. Mzee aliyekuwa akificha sukari ndani ya kofia yake ya kazi, alikatwa. Bibi aliyecheza karata na padri, akakatwa. Nilikuwa nikirudi nyumbani na vipande hivyo vikiniuma. Ndipo nikafungua blogu, nikaanza kuviweka humo, bila majina, kimoja kwa wiki. Wasomaji wangu walikuwa wachache. Niliwajua karibu wote, na niliwapenda kwa ubinafsi kabisa.

Kwa baba, yote hayo yalikuwa kukaa nyumbani.

Mwishoni mwa kiangazi akanitafutia kazi. Rafiki yake wa zamani, mtu mkubwa katika ofisi ya malori yanayobeba shaba, alihitaji mtu wa kujaza karatasi za mizigo: kuondoka saa kumi na moja alfajiri, kurudi jioni, siku sita kwa wiki. Nianze Jumatatu. Baba aliniambia habari hiyo akiwa amenyoosha shati langu jeupe yeye mwenyewe, na pasi ya makaa, na hakuacha hata kunjo moja. Nilishindwa kusema hapana mbele ya shati lile. Nilijua pia kwamba nikienda, blogu itakufa na wateja wangu wa vilio watamtafuta mwingine, maana msiba hausubiri Jumapili. Nikasema sawa. Nilimwona anavyofurahi, nikajichukia kidogo kwa kutofurahi naye.

Alhamisi ya wiki hiyo niliamua kuandika kipande cha mwisho. Kwa muda mrefu kulikuwa na jambo lililonisumbua: kila mtu niliyemwandikia, nilimfikia nikiwa nimechelewa, akiwa amekwisha kufa. Mama nilimfikia hivyo hivyo. Basi nikasema huyu mmoja nitamwandika angali anakunywa chai yake. Nikaandika juu ya baba.

Na hapo mazoea yakanishika mkono. Mikono yangu haikujua tena namna nyingine ya kuandika mtu. Nilianza na alikozaliwa, huko kaskazini, mtoto wa nne, mjukuu wa mtu aliyelaza mataruma ya reli. Nikaandika "alikuwa" pale palipotaka "ni." Juu nikaweka picha yake ya kadi ya kazi, nyeusi na nyeupe, yenye uso mzito wa mtu anayeogopa kamera. Mtu yeyote wa mji huu anajua maana ya picha ya namna hiyo juu ya maneno ya namna hiyo. Mimi niliyekuwa nazitengeneza kila wiki ndiye pekee ambaye sikuona kitu. Nikaiweka kwenye blogu, nikaituma kwenye kundi la familia, nikazima kompyuta, umeme nao ukakatika siku hiyo hiyo.

Kaka yangu wa Kolwezi na dada yangu wa Likasi waliisoma yote, wakanitumia mioyo. Wengine hawakuifungua, maana kufungua kunakula mega za simu. Waliona picha, wakaona "Alizaliwa," wakaipeleka mbele.

Jumamosi asubuhi baba alikuwa uani, chai yake kando, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, anakipiga rangi. Tukasikia kilio kinakuja kutoka njiani. Ilikuwa sauti ya shangazi, mdogo wa baba, anayeuza samaki wa kukaushwa kule Kasenga, na nyuma yake wanawake watatu wa ukoo wenye mifuko ya unga na samaki. Walikuwa wamesafiri juu ya lori la samaki. Walipofika Kasomeno, njiani, shangazi alijaribu kumpigia baba, simu yake ilikuwa imezimika kwa kukosa umeme, na simu ya marehemu ikizimika haimshangazi mtu. Namba yangu mpya hakuwa nayo.

Kwetu mtu akiingia lupangu lako, yaani ua wako, analia, humuulizi kwanza. Unalia naye, maswali yanafuata. Baba alimwona mdogo wake anaingia mlangoni mikono juu ya kichwa, akaelewa kwamba kuna mtu amekufa huko Kasenga. Akatupa kiatu, akasimama, na yeye akaanza kulia. Alilia kwa moyo wake wote. Shangazi alikuwa ameinama, kitambaa usoni, anamwita kaka yake aje amwone. Baba akamwendea akichechemea na mguu mmoja wa soksi, akamkumbatia, akamwuliza katikati ya machozi: "Ni nani, mudogo yangu? Ni nani alikufa?"

Shangazi akainua uso.

Aligusa shavu la baba kwa vidole viwili, kisha sikio lake, kisha akavua kitambaa chake akaanza kumchapa nacho mabegani, analia na kumchapa, anamwuliza kwa nini anakunywa chai siku ya kilio chake. Mmoja wa wanawake alikuwa ameketi chini na mfuko wa samaki mapajani, anacheka na hawezi kuacha. Jirani yetu, mtu mwenye huruma ya haraka, alikuwa amekwisha kuvunja matawi na kuyaweka njiani mbele ya mlango wetu, ili magari yajue kuna msiba.

Mimi nilikuwa nimesimama kwenye kizingiti na simu mkononi, natamani ardhi inimeze. Nilieleza. Nilieleza vibaya, na maneno mengi. Shangazi aliitazama ile picha, akaniambia kwamba hata ng'ombe hapigwi picha ya hivyo akiwa mzima. Nilimwomba msamaha nikapiga magoti, na nilikuwa na haya mpaka masikio yaliwaka. Nilidhani baba atasema kwamba hivi ndivyo inavyokuwa mtu akikaa nyumbani.

Hakusema. Alitafuta kiatu chake, akakivaa, akakifunga kamba. Kisha akaagiza viti vitolewe. Alisema machozi yameingia kwake, unga umeingia, samaki wameingia, na hawezi kuwarudisha watu Kasenga bila kukaa. Akamwambia jirani ayaache matawi mpaka mchana. Nasi tuketi, na biografia isomwe.

"Soma," akaniambia. "Bantu bakikuya ku kilio banasomewaka."

Nikasoma. Watu walikuja kilioni, basi ilibidi wasomewe. Nilisoma kwamba kazi yake ilikuwa kupita kando ya mabehewa na nyundo kubwa, kugonga gurudumu moja moja na kusikiliza, kwa sababu gurudumu zima linalia namna yake na lenye ufa namna yake. Akanikatiza: nyundo haikuwa kubwa, ilikuwa ndogo yenye mpini mrefu. Nikasoma kwamba hata sokoni hanunui sufuria bila kuigonga kwa kidole na kuinamisha kichwa, na kwamba mama alikuwa akimwacha amalize, akiwaambia wauzaji wamvumilie, mume wake anazungumza na chuma. Shangazi alicheka. Baba hakucheka. Nikasoma kwamba tangu mama afariki hajagonga kitu chochote. Hapo aliangalia viatu vyake, na mimi nikaficha uso nyuma ya simu, kwa kuwa niliiandika sentensi ile peke yangu chumbani na sikuwaza siku ya kumsomea usoni.

Alirekebisha vingi. Mbuzi wa mahari walikuwa sita, si watano. Mkuu wa kituo hakuwa mkali, alikuwa mgonjwa. Nikafika mwisho, pale ambapo biografia zote zinataja watoto na kazi zao. Wa kwanza, fundi wa umeme, Kolwezi. Wa pili, muuguzi, Likasi. Wa tatu, yuko nyumbani.

Niliisoma nikangoja. Mtu aliyekuwa amesahihisha hesabu ya mbuzi hakusahihisha hapo. Aliitikia kwa kichwa, akawashukuru watu kwa kuja, akasema tule.

Iliniuma. Nisiseme uongo, iliniuma kuliko fedheha yote ya asubuhi ile. Nilisonga bukari, ugali wetu, kwa hasira, na shangazi akaniambia nisiipige hivyo, haijanikosea. Tulikula samaki wa kilio cha baba, baba mwenyewe akiwa wa kwanza kuchukua kichwa. Kabla ya kuondoka Jumapili, shangazi aliniamuru nibadilishe picha, niweke ya rangi, akamsimamia kaka yake mpaka akatabasamu. Jioni baba aliniuliza jambo moja tu.

"Ile yote juu yangu, nani alikuambia?"

"Ni weye, papa. Ulikuwa unasema, mi nasikia."

Akaitikia, akaenda kulala.

Jumatatu niliamka gizani kabla ya kuitwa. Nilivaa lile shati jeupe. Nilijitazama kwenye kioo, nikaona mtu wa kujaza karatasi za mizigo, mtu mzuri tu, asiye na kosa. Nilijiambia kwamba ni kazi, kwamba wengi wanaililia, kwamba baba atalala vizuri. Nilikuwa natafuta mkoba wangu niliposikia sauti yake uani. Umeme ulikuwa umerudi, alikuwa amechaji simu, na alikuwa anazungumza na rafiki yake kwa sauti kubwa, kama anavyofanya siku zote, asiyeamini kwamba simu inabeba maneno bila kusaidiwa.

Alimsalimia. Alimwuliza juu ya mke na watoto. Akamwomba radhi kwa kumsumbua mapema.

"Mutoto yangu hatakuya, mukubwa. Iko na kazi."

Nilisimama na mkoba mkononi. Yule wa upande wa pili lazima aliuliza kazi gani, maana baba alianza kusema, akaacha, akaanza tena. Nilimwogopea. Alikuwa anatafuta jina la kitu ambacho hakuwahi kukiita.

"Anaandikaka bantu," akasema. Kisha, kwa kuwa rafiki yake hakuelewa, akarudia polepole na kwa nguvu zaidi, mpaka nadhani Bel-Air nzima ilisikia: "Anaandikaka bantu, bangali bazima."