Maziwa Yanatoka Mifupani

Dada yangu mtaani wanamwita Cherehani, na si kwa sababu ya ufundi wake tu. Hatulii. Hata akikaa kula, goti linatikisika kana kwamba chini ya meza kuna pedeli. Anashona na mumewe katika chumba cha mbele cha nyumba yao, mashine mbili zikitazamana, na mtoto wao wa miezi saba analala kwenye kapu la vipande vya vitambaa. Wanamwita Bosi, maana akilia kazi zote zinasimama.

Bosi hataki chupa. Walimjaribu nayo akaitema, akamtazama mama yake kama mtu aliyetukanwa. Basi ananyonya kutwa, huku dada akikata kitambaa kwa mkono mmoja. Siku moja nilimkuta hivyo, mtoto kafunikwa na mtandio, nikamuuliza habari za kazi. Akasema, "Kikulacho ki nguoni mwako, mdogo wangu. Wangu namsikia hata anavyomeza."

Mgongo ulikuwa umeanza kumuuma tangu mtoto akiwa na miezi minne. Mama mkwe wake, aliyekuja kumsaidia uzazi na hajaondoka, alisema hakuna mama asiyeumwa mgongo. Yeye alinyonyesha watoto sita na ndoo ya maji aliibeba vilevile. Shemeji akabadilisha kiti, akaongeza mto. Dada akanunua vidonge vya kalsiamu, akavinywa bila kukosa. Maumivu hayakusogea.

Kisha likaja jambo la gauni. Rafiki yake alikuwa anaolewa, naye dada akatoa kabatini gauni alilojishonea kabla ya mimba. Lilikuwa likiishia vidole viwili hivi juu ya sakafu. Sasa lilifagia sakafu. Mtu mwingine angejishtukia mwenyewe. Mafundi wawili walilishuku gauni. Shemeji aliinama akakagua pindo, akatangaza kwamba mkewe alikata akiwa na haraka zake. Dada akabisha kuwa hajawahi kukosea urefu wake mwenyewe, labda kitambaa kimenyooka kwa kutundikwa. Wakataniana, kisha wakafanya wanachofanya mafundi: wakapandisha pindo, wakapiga pasi, akaenda harusini. Vidole viwili vya urefu wake vilikunjwa ndani ya kitambaa, na hakuna aliyejiuliza vilikotoka.

Na kliniki je? Alikwenda kila mwezi. Mtoto alivuliwa nguo, akapimwa, akasifiwa. Aliyembeba hadi kwenye mizani hakuulizwa hata anajisikiaje. Naandika hili kwa hasira na siombi radhi: tunashangilia uzito wa mtoto na kumsahau anayeutoa mwilini mwake. Mara moja dada alijitaja mwenyewe. Wakampima damu, wakakuta kalsiamu iko sawa, wakamwambia apumzike. Umwambie Cherehani apumzike!

Wiki moja baada ya harusi aliinua jora la kitambaa kutoka sakafuni akashindwa kunyooka. Shemeji na mama mkwe walimpeleka hospitali, nami nikawakuta huko. Picha ya eksirei ilionyesha pingili mbili za mgongo zimebonyea kama makopo yaliyokanyagwa.

Daktari, mwanamke wa sauti ya chini, alitueleza bila kutuharakisha. Mama anaponyonyesha, homoni ya kutengeneza maziwa hupanda, na ile ya kike inayolinda mifupa hushuka. Titi lenyewe nalo hutoa homoni yake, inayokwenda kwenye mifupa na kuifanya iachie kalsiamu. Ndiyo maana damu haikuonyesha upungufu: mwili hauiachi damu ipungukiwe, hata kama mfupa ndio unaoliwa. Vidonge pekee havizuii jambo hilo. Kwa wanawake wengi halina madhara, maana mtoto akiacha ziwa mifupa hujijenga upya. Wachache sana, kama dada, huvunjika kabla ya kufika huko.

"Mwachishe," daktari alisema. "Taratibu, punguza zamu moja ya kunyonya baada ya nyingine, lakini uanze leo. Ukiendelea, sijui ni pingili gani itafuata."

Dada akamwangalia Bosi, aliyekuwa akivuta kifungo cha blauzi yake. "Huyu hajui mlango mwingine," alisema. "Nikimfungia huu, si ataona nimemkataa?"

Mama mkwe alikuwa bado ameikazia macho ile picha. Nilitegemea atawataja tena watoto wake sita. Akasema, "Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nisamehe, mwanangu. Nilikuona unadeka."

Nyumbani mama mkwe akashika usukani. Wangeanza na zamu ya mchana: badala ya ziwa, maziwa ya kopo kwa kikombe, na mama mtu atoke nje kabisa, kwa sababu mtoto akinusa ziwa hatagusa kitu kingine. Dada alibisha hadi mlangoni. Akatoka, kiuno kimekazwa na mkanda wa hospitali, akaanza kutembea kando ya ukuta, kwenda na kurudi. Ndani Bosi alianza kulia. Kila kilio kilipopanda, kifua cha blauzi ya dada kilizidi kulowa. Nilimwambia akae. Hakunisikia. Mara mbili alishika kitasa cha mlango, mara mbili akakiachia.

Kilio kikakatika ghafla. Dada akasimama, akasikiliza.

Shemeji akatokea mlangoni na kikombe mkononi. "Amekunywa."

"Chote?"

"Nusu."

"Alinitafuta?"

Shemeji akatazama ndani ya kikombe kabla ya kujibu. "Alikutafuta."

Dada akaitikia kwa kichwa, akafuta macho kwa kiganja, akaendelea kutembea.