Hodi Isiyoitikiwa

Fundi alikuwa na mkono mwepesi kwenye cherehani, lakini kumpima mtu hakuweza. Umzungushie mgeni futi kifuani huku anakukodolea macho usoni? Aibu ilimzidi. Basi akajitungia utaratibu wake: mteja apitishe dirishani gauni linalomkaa vizuri pamoja na kitambaa kipya, naye Fundi apime gauni. Watu wakasema anaringa. Aringe na nini, masikini?

Tabia hiyo hakuiokota barabarani. Mama yake, mtu akipiga hodi, alizima redio na kuwaashiria watoto wanyamaze mpaka mgeni achoke aende zake. Fundi alikua akijua ndivyo watu wanavyoishi. Baadaye alijua sivyo, akaapa mwanawe hatarithi balaa hilo. Lakini siku moja hodi ilipopigwa, binti yake, ambaye hata viatu alikuwa bado anavalishwa, alikwenda mwenyewe kuzima redio. Fundi aliingiwa na hofu kwelikweli.

Ndiyo maana miaka baadaye, binti alipoitwa kwenye usaili wa chuo cha uuguzi, Fundi alijipiga moyo konde.

"Tutakwenda wote, mwanangu."

"Wewe, mama? Utaweza?"

"Wakiita jina lako, nitasimama mimi kwanza. Wewe unifuate tu."

"Na ukikwama, nitasimama mimi," binti akasema. Wakacheka.

Siku ilipofika waliketi benchi la mwisho, karibu na mlango wa kutokea. Ukumbi ulijaa watu. Karani akatoka, akaita jina la binti, na vichwa vikaanza kugeuka kumtafuta mwenyewe. Fundi aliiamuru miguu, ikagoma. Akamsubiri binti. Binti alikuwa anamsubiri mama. Karani akaita tena, kwa sauti zaidi.

"Hayupo? Haya, anayefuata."

"Twende tukamwambie tupo," Fundi akanong'ona.

"Twende," binti akaitikia.

Hakuna aliyenyanyuka. Watu wakaingia na kutoka mpaka ukumbi ukabaki mtupu, na karani akaja na funguo mkononi. Hakuwa mtu mbaya. Aliinama kidogo, akauliza kwa upole:

"Mama, mnamsubiri mtu? Maana nikishafunga hapa, ndiyo basi tena. Nafasi zimekwisha."

Fundi alifungua kinywa. Jina la mwanawe lilikuwa pale pale kwenye ulimi.

"Hapana," akasema. "Tulikuwa tunapumzika tu."

Walipofika nyumbani binti alivua viatu, akakaa kitandani.

"Mama, nikija kupata mtoto, naye atakuwa hivi?"

Fundi alitamani kudanganya, akashindwa hata hilo. Alifungua redio ili pasiwe kimya sana, akaanza kulia.

Mara jirani akapiga hodi. Alikuja kuwapongeza, akidhani binti amepata nafasi chuoni.

Mikono ya mama na binti ikagongana kwenye kitufe cha redio.