Sabuni ya Sandali ya Bibi

Juzi sokoni Nizwa msichana mmoja alinisogezea puani mshumaa aliotengeneza kwao kwa mafuta ya sandali. Nilishtuka hata mkoba ukanidondoka. Harufu ile ya mti na udongo uliorowa niliijua.

Ndiyo iliyokuwa ikijaa jikoni kwetu mjini Ibra nikiwa mtoto, Bibi akipika sabuni na kuitia mafuta ya udi na sandali tone kwa tone. Kipande kimoja alikificha sandukuni, ndani ya kitambaa kirefu cheupe. Mimi nikadhani kitambaa kile ni cha bibi harusi. Alasiri moja nikachukua kile kipande cha sabuni, nikaoga, nikatoka nanukia.

Bibi aliponinusa alikaa chini pu, mkono kifuani.

"Ya Rabbi! Ile nimeiweka nioshewe nikifa, mwanangu!"

Nikarudi bafuni mbio, nikaisugua ile sabuni mpaka ikaisha yote, maana nilifikiri bila ya sabuni yake, Bibi hawezi kufa.

Hakunipiga, lakini hakupika sabuni tena.

Alipofariki tulimwosha kwa sabuni ya dukani, na mikono iliyomsugua ni hii yangu.