Nilimzuia Mjukuu Kutuma Kitabu Chake kwa Kompyuta

Nyie vijana mtakaosoma hapa, chekeni mmalize, kisha mnisikilize. Kosa ni langu peke yangu. Niliishia darasa la nne, lakini ukaidi huu sikufundishwa shuleni.

Tunaishi Scarborough, huku ughaibuni. Mjukuu wangu Neema amesomea udaktari, si wa sindano, ule wa kuandika kitabu. Siku ya mwisho ya kukikabidhi chuoni nilimkuta sebuleni na nguo za kulalia, kompyuta mapajani.

"Ndiyo unakabidhi hivyo?"

"Ni kubonyeza tu, Bibi, kinafika."

"Kubonyeza unabonyeza lifti. Kazi ya miaka yote hiyo inapelekwa kwa mikono miwili, umeoga."

"Hawapokei karatasi."

"Watamkatalia mtu mzima?"

"Basi nikitume kwanza, halafu twende."

"Ukishakituma, tunakwenda kufanya nini?"

Adabu yake ndiyo iliyomponza. Akaoga, akapiga pasi gauni, akaenda kuchapisha kitabu dukani. Nami nikakaanga visheti, maana ofisini kwa watu huendi mikono mitupu. Kompyuta nikaamuru ibaki mezani.

Treni ikakwama njiani, tukashushwa, tukagombea basi. Tulipofika, kijana wa mapokezi alipokea visheti, kitabu akakataa. Akasema wanapokea kwa kompyuta tu, na muda umeshapita. Neema hakunitazama.

Joho lake la mahafali ya Juni likasogezwa hadi Novemba.

Na mama yake, mwanangu Zawadi, anayefundisha shule Morogoro, alikuwa na viza na tiketi ya Juni mkononi. Akaja hivyo hivyo.

"Mama, nimekuja kuona joho, unanionyesha masufuria?"

Alisema akicheka. Likizo ilipokwisha, tulipoagana uwanja wa ndege, hakucheka. Mimi ndiye niliyemnyima siku ya joho, na hawezi kupata ruhusa nyingine mwaka huu.

Vijana, mzee akikushauri jambo asilolijua, mpe chai na heshima yake, kisha kafanye kazi yako. Na wazee wenzangu, kuuliza hakukushushi cheo.

Nyumbani nimeshatoa amri. Siku ya joho simu ishikwe na mtu asiyetetemeka mkono, imwonyeshe Zawadi mwanawe mwanzo hadi mwisho, na asithubutu mtu kuigeuzia kwangu.