Koili Mbili Katika Nafasi ya Moja

Mama Koili alikuwa amesuka koili za waya ndani ya mota kwa miaka thelathini na moja, na katika miaka yote hiyo hakuna mteja aliyewahi kumrudishia kazi kwa sababu ya kelele. Pampu za maji, feni, mashine za kusaga, hata ile mota ya feni ya kinyozi iliyoletwa imejaa nywele kama mto wa kulalia, zote zilitoka karakanani kwake zikizunguka kimya. Ndiyo maana Jumamosi ile, fundi mitambo wa studio walikokwenda kurekodi wimbo alipovua hedifoni na kumwambia mbele za wenzake kwamba gitaa lake linavuma, aliona ametukanwa.

"Linavuma vipi?" akauliza.

"Kama friji, mama. Friji la zamani."

Mpiga kinanda wa bendi akacheka. Mpiga ngoma akatazama viatu vyake. Dada yake Mama Koili, mwimbaji wao, hakucheka wala hakutazama viatu. Alisema tu, "Mimi nimelizoea," kana kwamba kuzoea ni dawa.

Ukweli ni kwamba wote walikuwa wamelizoea. Bendi yao ya watu wanne ilipiga kila Jumapili mchana katika ukumbi ambako watoto hulia, viti hukwaruza sakafu na feni za dari hulalamika, na katika vurugu ile hakuna wa kuhangaika na mvumo wa gitaa moja. Lakini studio ile kuta zake zilikuwa zimevishwa sponji tangu chini hadi juu. Mtu akimeza mate, anasikika.

Fundi mitambo, binti mwembamba mwenye sauti ya upole na maneno yasiyo na upole, alimweleza sababu. Chini ya nyuzi za gitaa kuna pikapu, kijikoili cha waya kilichozungushwa kwenye sumaku. Kazi yake ni kunasa mtetemo wa nyuzi na kuupeleka kwenye amplifaya, lakini hakijui kuchagua. Kinanasa pia umeme wa taa, wa kompyuta, wa nyaya zilizo ukutani. Kumweleza Mama Koili habari za koili ni sawa na kumweleza kuku habari za yai, lakini alikubali, kwa sababu alijua binti anasema kweli.

"Nina njia mbili," binti akamaliza. "Ama mpiga kinanda achukue sehemu yako, ama mrudi Jumamosi ijayo, saa nne asubuhi, na gitaa lisilovuma."

Jumatatu ya baada ya Jumamosi hiyo ya pili, Dada angesafiri. Magoti yalikuwa yamemgomea, na mwanawe aliyekuwa akiishi ng'ambo alikuwa amemtumia tiketi ya kwenda, ya kurudi hakuituma. Mama Koili hakutaka umaarufu. Umri wa kutafuta umaarufu ulishampita bila hata kumpungia mkono. Alitaka kitu kimoja: sauti ya dada yake na gitaa lake, pamoja, mahali ambapo hazitapotea. Katika miaka ishirini na tisa ya kupiga pamoja hawakuwa na kitu zaidi ya video za simu ambazo ndani yake watu wanaulizana nani amekaa na funguo za gari. Na sasa kinanda ndicho kiende na sauti ya dada yake? Labda yeye awe amezikwa.

Jumatatu ya wiki hiyohiyo, asubuhi, alifungua gitaa juu ya meza ya karakana, kati ya pampu mbili za wateja, akaitoa ile pikapu ya kale. Akaisuka upya mwenyewe. Waya wa shaba ulikuwa mwembamba kama unywele, si kama wa mota, na ukamkatikia mara tatu, na kila ulipokatika aliuambia maneno ambayo dada yake, mtu wa kwaya, asingependa kuyasikia. Mpaka jioni kazi ilikwisha, nadhifu, ya kupigwa picha. Akaliunga gitaa kwenye amplifaya. Friji likanguruma vilevile.

Hapo kichwa kilichokuwa kimemvimba kikasinyaa kidogo. Koili yenyewe ilikuwa nzima tangu mwanzo. Kuvuma ndiyo tabia ya koili iliyo peke yake, usuke hata kwa uzi wa dhahabu.

Jumanne akaenda kwa muuza vyombo vya muziki. Yule bwana alimtolea pikapu pana yenye koili mbili, akasema hiyo haivumi kabisa, ila itabidi mbao ya gitaa ichongwe ili shimo lipanuke.

"Ichongwe na nani?"

"Na fundi."

"Gitaa hili halichongwi," Mama Koili akasema, akalivuta kifuani. "Nitafutie nyingine."

Muuza vyombo akapekua droo hadi akatoka na kiboksi kidogo. Ndani mlikuwa na pikapu yenye umbo lilelile la ile ya zamani, ya kuingia katika shimo lilelile, ila juu yake palikuwa na vibati viwili vyembamba vilivyolala sambamba. "Kwa nje ni koili moja," akasema. "Ndani ziko mbili, zimebanana. Ina nyaya nne. Soma karatasi vizuri, shangazi."

Mama Koili alimtazama kwa jicho la pembe. Soma karatasi! Yeye aliyekuwa anafungua tumbo la mota lenye ncha ishirini na nne za waya na kuziunganisha huku akipiga stori na wateja. Alipofika nyumbani, karatasi ile aliitumia kufutia grisi vidole, akaitupa.

Kazi yenyewe ilikuwa tamu. Alilegeza nyuzi, akafungua kifuniko cha plastiki kwa bisibisi, akaipachika pikapu mpya, ikakaa kama iliyozaliwa mle. Nyaya nne zikajitokeza upande wa pili. Akazipima kwa mita yake, akajua zipi mbili ni za koili hii na zipi mbili ni za koili ile, ipi mwanzo, ipi mwisho. Kisha akafanya alichofanya kila siku ya maisha yake: akashika mwisho wa koili ya kwanza, akauunga na mwanzo wa koili ya pili, ili zifuatane na kusaidiana kazi. Pasi ya kulehemu ikatoa moshi, lehemu ikang'aa, akapuliza. Dada alikuwa amekuja kumtembelea, amekaa kwenye kigoda na magoti yake yamenyooshwa mbele.

"Haya, tusikie," Dada akasema.

Mama Koili akapiga.

Gitaa likatoa sauti ya mbu aliyefungiwa ndani ya chupa. Nyuma ya mbu yule mvumo ukapanda mara mbili ya ule wa kwanza, hadi bisibisi ikaanza kucheza juu ya meza. Dada akaziba masikio. Alivumilia kwa muda ambao dada mkubwa anaweza kuvumilia, yaani mfupi, halafu akasema, "Mdogo wangu, zamani ulikuwa na friji. Sasa una trekta."

Walicheka mpaka Dada akashika mbavu. Lakini Dada alipoondoka, Mama Koili alikaa na lile gitaa mapajani na hakuona cha kuchekesha. Siku zilikuwa zimebaki nne. Aliamini ameiunguza pikapu kwa pasi ya kulehemu, kwamba ameua kwa mikono yake mwenyewe kitu alichokiendea mbio, na mikono hiyo ndiyo mali pekee aliyokuwa akijivunia. Alitokwa na machozi mawili matatu, akayafuta kwa kiwiko kwa sababu vidole vilikuwa na grisi.

Jumatano alipima tena: koili zote nzima. Alhamisi akapima tena, kama mtu anayefungua sufuria tupu mara ya pili akitegemea nyama. Nzima. Mpiga kinanda akapiga simu kuuliza, kwa heshima zote, kama aanze kujifunza zile sehemu zake. "Anza," akajibu, akakata, na mchana huo hakula.

Ijumaa asubuhi alikuwa na pampu ya mteja ya kumalizia. Alikuwa ameshika chaki, akiandika A kwenye kila mwanzo na Z kwenye kila mwisho, na mdomo wake ukisema wenyewe maneno aliyozoea: zivute pamoja, zivute pamoja. Mkono ukasimama hewani.

Zivute pamoja! Koili zake mbili zilikuwa zinavuta pamoja, ndiyo, lakini zilikuwa zinavuta nini? Kelele ya umeme inaziingia zote mbili kwa namna moja, kwa hiyo zikisaidiana, kelele inakuwa mara mbili. Na nyuzi je? Chini ya kibati kimoja sumaku imetazama juu, chini ya kingine imetazama chini. Mtetemo wa uzi unaingia kwa koili moja kama ndiyo na kwa nyingine kama hapana, na ndiyo na hapana zikikutana zinamalizana. Ndiyo maana mbaya ilizidi na nzuri ikapungua. Hakuna kilichoungua. Ni yeye aliyeiunga pikapu kama mota.

Katika mota, koili inayompinga mwenzake ni ugonjwa. Humu kwenye pikapu, moja ilitakiwa kumgeuzia mwenzake mgongo, ili kelele ya nje ife kati yao na wimbo ubaki. Pampu ya watu ikawekwa pembeni.

Aliungua kidole kwa haraka. Akafumua ile lehemu, akaunga mwisho na mwisho, mianzo miwili akaipeleka nje. Mume wake, karani mstaafu, mtu ambaye hajawahi kutupa hata bahasha, akaingia karakanani akiwa na karatasi yenye madoa ya grisi, ameinyoosha vizuri.

"Mama, hii niliiokota kwenye taka tangu Jumanne. Kuna mchoro. Inasema nyaya za—"

"Mwisho kwa mwisho," mkewe akasema bila kuinua kichwa.

Mume akasoma, akasogeza miwani, akasoma tena. "Kumbe unajua."

"Tangu Jumanne unayo?"

"Hukuniuliza."

Aliliunga gitaa. Akakizungusha kitufe cha sauti mpaka mwisho wake, akasubiri friji. Friji halikuja. Kulikuwa na kimya tu, kimya kizito, hadi akafikiri amplifaya imezimika, akainama kutazama kijitaa chake chekundu. Kilikuwa kinawaka. Alipogusa uzi mmoja tu, sauti ikatoka nene na safi, ikajaa karakana nzima, na mume wake, ambaye hakuwa mtu wa mbwembwe, akavua kofia. Mama Koili alirukaruka. Mwanamke wa miaka hamsini na nne, buti za kazi miguuni, anarukaruka kati ya pampu.

Jumamosi saa nne kamili walikuwa studio. Fundi mitambo alivaa hedifoni, akafumba macho, akasikiliza pale ambapo mvumo ulikuwepo wiki iliyopita. Akafumbua jicho moja. "Umebadilisha gitaa, mama?"

"Nimelibadilishia moyo tu."

Mpiga kinanda, ambaye kwa kweli alikuwa amejifunza sehemu zile zote, alimpa mkono kwa furaha isiyo ya kinafiki. Wakajipanga. Dada akavua viatu kama kawaida yake, akashika stendi ya maikrofoni nyuma ya kioo cha waimbaji. Wakaupiga wimbo wao mara moja, wote, bila kukosea, na Dada alipofika kwenye ubeti wa mwisho sauti yake ilipasuka kidogo, na ilipasuka pazuri.

Walisogea wote kwenye chumba cha mitambo kusikiliza. Spika zikaanza na kimya. Halafu, kabla ya noti ya kwanza ya gitaa, ikatoka sauti ndogo, ya karibu sana, ya mtu anayenong'ona.

*Twende, mdogo wangu.*

Kisha gitaa likaingia.

Fundi mitambo akasimamisha. "Hayo maneno yaliingia kwa bahati mbaya. Nitayakata."

"Usiguse," Mama Koili akasema. Akamgeukia dada yake. "Umeanza lini kusema hivyo?"

"Kusema nini?"

"Hivyo. Twende, mdogo wangu."

Dada akamshangaa. "Kila siku nasema. Tangu ile siku ya kwanza ulipokuwa unatetemeka mpaka mkanda wa gitaa unacheza. Si ndiyo unaanza nikishasema?"

Mama Koili alikuwa akianza kwa kutazama mabega. Yakipanda mabega ya dada yake, yeye anapiga. Hivyo ndivyo alivyofanya kwa miaka ishirini na tisa, amplifaya ikinguruma kisogoni kwake, na hakuwahi kusikia neno hata moja. Akamshika dada yake mkono, akalia waziwazi mbele ya mpiga kinanda, mpiga ngoma na yule binti wa mitambo, wala hakuona haya.

"Sasa unalia nini?" Dada akauliza, na yeye macho yalikuwa yameshalowa. "Wewe hukuwa unanisikia?"

Mama Koili akatikisa kichwa. Kisha akamwomba binti arudishe mwanzo.